Anza na Sahani: Kupenda Nguo na Kula Nje Mjini Kisumu

Jumapili moja alasiri, ufukweni Dunga kwenye Ziwa Viktoria, meza ya pili kutoka yangu alikaa dada aliyevaa blauzi ya hariri rangi ya maziwa, mikono mirefu iliyoishia kwa marinda mapana. Aliletewa ngege (tilapia) mzima, mchuzi wa nyanya umemfunika hadi kichwani, pamoja na ugali uliokuwa bado unafuka mvuke. Alimtazama yule samaki kwa muda. Akaomba uma. Akawa anadonoadonoa ubavuni huku ametanguliza shingo ili tone lisimwangukie kifuani, na wenzake walipofika kunyonya mifupa ya kichwa yeye hakuwa amemaliza hata upande mmoja. Blauzi ilikuwa nzuri kweli. Samaki naye, kwa harufu tu, alikuwa mzuri. Ila havikupaswa kukutana.

Napenda mavazi, napenda kula nje, na ilinichukua miaka kuelewa kwa nini mapenzi hayo mawili yalikuwa yakigombana kila wikendi. Marafiki huniuliza, "Tunaenda mahali fulani, nivae nini?" Swali hilo huwachanganya watu kwa sababu linaanza na jina la hoteli. Mtu hudhani mahali pa ghali ni pa kisu na uma, na mahali pa bei nafuu ni pa mkono. Kisumu mpangilio huo haushiki. Samaki mzima huliwa kwa mkono kwenye kibanda cha mabati, na huyohuyo huliwa kwa mkono kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ambako sinki ya kunawia iko pale pale ukumbini na watu wenye suti hupanga foleni. Hapa chakula cha heshima ndicho chakula cha mkono, kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye menyu haikwambii lolote kuhusu mikono ya blauzi yako. La kujiuliza kwanza ni hili: nitakula nini, na kitafikaje mdomoni?

Tuanze na uzi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopoteza nguo.

Pamba ni uzi unaopenda maji. Ikining'inia tu hewani hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake. Polista, ambayo malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli, hubeba chini ya asilimia 1. Tofauti hiyo ina matokeo mawili mezani. Moja ni joto. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hufika nyuzi 29 au 30, huku ziwa likiongeza unyevu hewani. Ukiwa na mchuzi wa moto na pilipili mbele yako, pamba hufyonza jasho na kuliachia hewani. Polista huliacha mgongoni mwako. Jingine ni mafuta. Uzi uliotokana na mafuta huyakaribisha mafuta. Tone la kikaango likiangukia polista hujipenyeza ndani, na maji ya kufulia hayawezi kulifuata huko kwa sababu uzi huo huyakataa maji. Ndiyo maana gauni la polista ulilolifua mara tatu huweza kukurudishia harufu ya samaki pindi unapolipiga pasi. Pamba nayo huchafuka, tena haraka, lakini hukubali kusafishwa.

Kati ya hizo mbili kuna viskosi, kile kitambaa laini kinachoteleza ambacho magauni mengi ya maua hushonewa. Hutengenezwa kwa massa ya miti na hufyonza maji hata kuliko pamba, kwa hiyo hupoza mwili vizuri sana. Udhaifu wake ni kwamba kikilowa hupoteza nguvu. Ukikisugua kingali na maji, kinachakaa mahali pale pale penye doa. Hariri mimi huiachia chai na keki. Na ukijua utakaa karibu na jiko la nyama choma, kumbuka kwamba cheche ikiangukia polista huiyeyusha na kuacha tundu lenye ukingo mgumu, na hilo hakuna sabuni itakayolirudisha.

Sasa doa la mchuzi, adui mkuu wa wapenda nguo wa ziwani. Samaki wa hapa kwetu hukaangwa kwanza, kisha hutiwa nyanya, kitunguu na dania. Wekundu wa nyanya ni rangi isiyoyeyuka kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta. Tone linapokuangukia, rangi imepanda juu ya mafuta kama abiria kwenye boda boda, na popote mafuta yaendapo nayo imo. Wengi wetu huchovya kitambaa kwenye glasi ya maji na kuanza kusugua. Maji hayawezi kuyeyusha mafuta, na kusugua kunayasukuma mafuta ndani ya uzi na kulipanua doa. Kumwona mtu akifanya hivyo na gauni jipya huniuma.

Mezani fanya machache. Inua kilichoganda juu kwa ncha ya kijiko. Gandamiza karatasi kavu ya kufutia, inua, gandamiza upande mwingine wa karatasi, bila kusugua. Halafu mwombe mhudumu akuletee unga mkavu kidogo kutoka jikoni, unga ule ule wa ugali. Unyunyize juu ya doa, uache hadi mmalize kula, kisha uupanguse. Unga hufyonza mafuta ambayo bado hayajazama. Nimeomba unga mara nyingi na sijawahi kunyimwa. Akina mama wa jikoni huelewa mara moja unautakia nini.

Nyumbani, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye doa lingali kavu, kabla ya maji. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika mafuta na nyingine hushika maji. Ukitanguliza maji, sabuni huzimuliwa na kutawanyika kabla haijayakuta mafuta. Ukitanguliza sabuni, huyazingira, halafu maji ya uvuguvugu hupita na kuyabeba yote kwa pamoja. Wekundu ukibaki hafifu, anika nguo juani ingali na unyevu. Mwanga wa jua huivunja rangi ya nyanya, na jua tunalo. Kitenge kigeuze nje ndani unapokianika, maana jua halichagui, litapausha na maua yako. Na usipige pasi hadi uwe na hakika doa limetoka, kwa sababu moto huyafanya mabaki ya mafuta yashikamane na uzi na kuwa magumu kuondoa.

Doa la manjano, kile kiungo cha mchuzi, lina tabia yake. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na watu wenye asili ya Bara Hindi wakajenga biashara na majiko yao hapa. Leo biriani, bhajia na kuku wa mchuzi ni vyakula vya Kisumu kama ngege alivyo. Ukimwagikiwa na mchuzi wenye manjano, ukapaka sabuni ya mche, doa litageuka jekundu kama damu mbele ya macho yako. Wengine hudhani wameiharibu nguo, wakaitupa. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye magadi, na sabuni ya mche ina magadi. Suuza, kamulia ndimu, itarudi kuwa ya njano. Kisha ipeleke juani, maana jua huivunja rangi hii haraka kuliko karibu rangi zote za jikoni. Shati jeupe la mume wa dada yangu liliokolewa hivyo, siku mbili kwenye kamba ya nguo.

Uzi ukishaeleweka, umbo la nguo ni rahisi zaidi. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi: unamega ugali, unaufinya, unatonesha mchuzi, unatafuta mifupa. Nguo ya samaki iwe na mikono inayoishia juu ya kiwiko, au inayoweza kukunjwa hadi hapo na kukaa bila kuteremka. Mikono mipana inayoning'inia, hata iwe imeshonwa na fundi bingwa, itaingia kwenye sahani ya jirani yako kabla ya yako. Pete na bangili za mkono wa kulia zivuliwe kabla ya kunawa, kwa sababu ugali hujibana chini ya kito na usiku kucha utanuka omena (dagaa wa ziwani). Kucha ndefu za kubandika naziheshimu, zina ufundi wake, lakini kumega ugali kwa kucha za sentimita tatu ni mateso, na manjano huzitia rangi. Marafiki zangu wenye kucha hizo huagiza minofu ya mbuta (sangara) na chapati, nao huondoka wameshiba kama sisi.

Ile ndimu inayoletwa pamoja na samaki ina kazi nyingine. Harufu ya samaki inayobaki vidoleni hutokana na kemikali zenye asili ya magadi zinazopaa hewani kwa urahisi. Asidi ya ndimu huzibadilisha zikawa chumvi isiyopaa, na pua haizipati tena. Bakiza kipande cha ndimu, ujisugue vidole kabla ya kunawa mara ya mwisho, halafu ndipo urudishe pete na kushika mkoba.

Watu wachache hufikiria upepo, nami nimeufikiria sana, hasa tangu nianze kuvaa sketi za mwanya. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kujaza nafasi. Kwa hiyo alasiri upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku ardhi hupoa upesi, na mara nyingi upepo hugeuka. Kwa mlaji maana yake ni kwamba alasiri ukiketi upande wa ziwa, jiko likiwa nyuma yako kuelekea bara, moshi utakwenda zake na nywele zako zitabaki na harufu ya mafuta uliyopaka asubuhi. Ukichelewa hadi usiku, angalia tena moshi unakoelekea kabla ya kuketi. Sketi nyepesi zitapeperuka alasiri. Kitambaa chenye uzito kidogo, kama kitenge au jinzi laini, hukaa.

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta. Pale Dunga watu hungoja machweo hayo kwa picha, na rangi ya machungwa inayoangukia maji huipendeza nguo ya buluu kuliko nyingine yoyote. Lakini giza likiingia mbu huanza kazi, na ukanda wa ziwa ni ukanda wa malaria. Mimi hubeba leso, yaani khanga, kwenye mkoba. Wakati wa kula huitandaza mapajani. Tukishanawa na jua likizama, naigeuza upande safi na kujitanda mabegani. Leso ni pamba, hufulika, na maua yake makubwa huficha tone ambalo sikuliona.

Swali la pesa nalo halikwepeki. Mtu anayependa nguo na kula nje anabeba mizigo miwili kwa mshahara mmoja. Wapenda nguo wengi wa Kisumu huutatua mzigo wa kwanza Kibuye, soko kubwa la wazi ambalo Jumapili hufurika watu kutoka kila upande wa Magharibi na Nyanza. Nguo za mitumba huja kwa mabelo, kwa kawaida ya kilo 45, yamefungwa na kubanwa. Muuzaji hununua belo bila kuona kilichomo, na likifunguliwa, kamera, yaani zile nguo bora kabisa, hutolewa kwanza na kutundikwa. Zinazofuata hushuka bei siku hadi siku mpaka mwisho hubaki fagia, rundo la kuchagua chini kwenye turubai. Wateja wa kamera hujua siku na saa ya kufunguliwa belo, nao hufika alfajiri. Mimi sigombani nao. Nguo ya kulia samaki mara nyingi iko kwenye rundo la katikati, kwa sababu watu huko hutafuta inayong'aa na kuipita pamba iliyotulia.

Kagua lebo ya ndani ubavuni. Ikiwa imekatwa, lowesha kidole na ugandamize kitambaa: pamba hunywa maji papo hapo, polista huyaacha yakae juu kama umande kwenye jani la nduma. Ukiinunua na bado una shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukauchome nyumbani. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa polista huyeyuka na kuacha kijishanga kigumu cheusi.

Haikuwa hivi siku zote. Mji huu ulikuwa na kiwanda chake cha nguo, Kisumu Cotton Mills, ambacho wazee humwita KICOMI kana kwamba wanamtaja jamaa, na pamba ililimwa katika nchi tambarare za kuzunguka ziwa. Katika miaka ya 1990 soko la Kenya lilifunguliwa, mitumba ikamiminika, na viwanda vingi vya nguo, KICOMI kikiwamo, vikafa. Sasa tumeifungamanisha mitumba na maisha kiasi kwamba serikali ilipozuia kuiingiza nchini mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, wauzaji wengi walikosa hata pesa ya chakula. Mwaka 2019 zilikuwa zimeingia Kenya takriban tani 185,000 za mitumba. Naivaa mitumba na kuipenda, na bado nasikitika kwamba pamba ninayoitafuta Kibuye ingeweza kuwa imesokotwa mjini humu humu.

Lakini uhusiano wa nguo na chakula mjini humu haujafa, umegeuka tu, na sehemu ninayoipenda zaidi inamhusu mbuta. Samaki huyu si mzaliwa wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akala samaki wengine wengi na kubadilisha ziwa zima. Akifika kiwandani hugawanywa. Minofu hupakiwa na nyingi husafirishwa nchi za nje. Kichwa na uti wa mgongo uliobaki na nyama kidogo huuzwa mitaani, hukaangwa hadi ukawa mkavu, nao ndio mgongo wazi, ambao mtaa wa Obunga ni maarufu kwa kuukaanga. Ngozi ilikuwa takataka. Sasa wapo mafundi hapa Kisumu wanaoisindika ikawa ngozi ya kushonea viatu, mikoba na mikanda. Huondolewa magamba na mafuta, ikalowekwa kwenye dawa za kuisindika, na harufu yote hutoka pamoja na mafuta. Vile vifuko vidogo vilivyoshika magamba hubaki kama nakshi ambayo si rahisi kuiiga kwa mashine, na kwa kuwa nyuzi zake zimepishana kama mkeka, ngozi hiyo ni imara kuliko unavyodhani ukiitazama wembamba wake. Gugumaji nalo, lililoifunika ghuba ya Winam, ule mkono wa ziwa uliopo Kisumu, katika miaka ya 1990 na kuwazuia wavuvi, hukaushwa na kusukwa kuwa vikapu, kofia na mikoba. Ukienda kula mbuta na mkoba wa ngozi ya mbuta, au kapu la gugu lililotolewa kwenye maji yale yale, umevaa ulichokula na unakula ulichovaa. Sijui mji mwingine ambao ungenipa hilo kwa alasiri moja.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi wangu gauni la pamba la kijani nililolipata Kibuye kwenye rundo la katikati, mikono imefika kwenye kifundo, zuri isipokuwa hapo tu. Ni mama mtu mzima, ana cherehani kwenye baraza ya duka la mwenzake. Nilidhani ataniuliza kama ni la harusi au la kanisani. Aliligeuza, akapapasa kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akanitazama juu ya miwani.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "utakula nini na hili?"

"Samaki, mama. Mzima, wa mchuzi."

Akachukua chaki, akapiga mstari vidole viwili juu ya kiwiko, akaweka pini.